Eksirei Ilikuwa Safi, Mfupa Ulikuwa na Ufa

Maumivu ya juu ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapokatizana, ni miongoni mwa maumivu ambayo wakimbiaji wa Moshi huyapuuza kwa urahisi zaidi. Goti likiuma, mtu husimama. Kisigino kikimchoma asubuhi anapotoka kitandani, hutafuta soli laini dukani. Lakini uchungu mdogo unaoanza katikati ya unyayo baada ya kilomita ya tano, kisha ukatoweka mtu akishaoga, hupewa kila aina ya udhuru: kiatu kimebana, kamba zimekazwa mno, mshipa umeshtuka. Kumbe huweza kuwa ufa mwembamba wa mfupa, unaoletwa na mzigo unaorudiwarudiwa. Niliuguza ufa wa namna hiyo tangu mvua za vuli zilizopita, nikapoteza msimu mzima wa mbio. Kikundi chetu kimepata wakimbiaji wapya wengi tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, na baadhi yao sasa wananionyesha nyayo zao baada ya mazoezi ya Jumamosi. Nimeona heri niyaandike mambo haya mahali pamoja kuliko kuyarudia kila wiki tukiwa tumesimama kando ya barabara.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, si tabibu. Ya kitabibu yaliyomo humu niliyapata kwa daktari bingwa wa mifupa na kwa mtaalamu wa fiziotherapia walionihudumia, nikayasoma zaidi kwa sababu ghafla nilikuwa na jioni nyingi zisizo na kazi.

Unyayo mmoja una mifupa 26. Mitano kati yake, ile mirefu inayounganisha katikati ya unyayo na vidole, huitwa metatasali, nayo huhesabiwa kuanzia upande wa kidole gumba. Wa pili ndio mrefu kuliko yote mitano, ni mwembamba ukilinganishwa na wa kwanza, na mwisho wake wa nyuma umebanwa kati ya mifupa ya katikati ya unyayo kiasi kwamba hauna nafasi ya kuyumba. Mkimbiaji anapojisukuma mbele kwa vidole, mfupa huo hupindwa kidogo sana, kisha hunyooka. Katika kukimbia, kila unyayo unapotua hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kilomita moja huhitaji takriban hatua 1,000, yaani 500 kwa kila mguu. Mazoezi ya kilomita 10 ni kuupinda mfupa huo mara 5,000 kabla ya kifungua kinywa.

Kupindwa huko si kubaya kwa asili yake. Ndiko kunakoufanya mfupa uwe imara. Mfupa ni kitu kilicho hai, na ndani yake zimo seli zinazochimba sehemu zilizochakaa na seli nyingine zinazojaza upya pale palipochimbwa. Tatizo ni mwendo wa kazi hizo mbili. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza na kukomaza huchukua miezi, na mtu anapoongeza mzigo ghafla, uchimbaji huongezeka kwanza. Ni kama wakandarasi wanaofumua lami mbovu huku malori yakiendelea kupita: kwa kipindi fulani barabara inayotengenezwa huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Ndiyo maana ufa wa aina hii hautokei siku mtu anapobadili mazoezi. Hutokea wiki kadhaa baadaye, wakati mwenyewe anajiona ameshazoea na mapafu yake yanamwambia aongeze.

Kwa wakimbiaji wa mji huu, wiki hizo zinajulikana zilipo. Mbio za Kilimanjaro Marathon zimekuwa zikifanyika hapa Moshi tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, na kalenda ya kila mkimbiaji wa hapa hujipanga kuzizunguka. Kilomita hupanda kuanzia Oktoba, hufikia kilele Januari. Katikati ya kipindi hichohicho hunyesha vuli. Njia za vumbi za Rau na Uru, ambazo ndizo rafiki wa miguu yetu sehemu kubwa ya mwaka, zilikuwa tope la utelezi, kikundi chetu kikahamia kwenye lami ya kuelekea Kiboriloni, na juu yake kukaongezwa mpando wa Mweka wa kila wiki, ambao kwa unyayo si kupanda kunakoumiza bali kuteremka. Lami ngumu, kilomita nyingi, mteremko mkali, vyote kwa pamoja. Lolote kati ya hayo matatu, likija peke yake, mfupa wangu ungelivumilia.

Uchungu ulianza kwa adabu. Mwanzoni ulikuja mwishoni mwa mazoezi na kuondoka. Kisha ukaanza mapema zaidi kila wiki. Kisha ukabaki hata nikiwa nimesimama darasani nikiandika ubaoni, na juu ya unyayo pakavimba kidogo. Mfuatano huo, yaani maumivu yanayosogea nyuma kuelekea mwanzo wa mazoezi na hatimaye kuingia katika kutembea kwa kawaida, daktari aliniambia baadaye kuwa unamwambia mengi kuliko ukubwa wa maumivu yenyewe. Msuli uliochoka hufanya kinyume: huuma mwanzoni na kulainika ukishapata joto.

Nilikwenda kwanza katika zahanati moja ya jirani, nikapigwa eksirei. Picha ilikuwa safi. Niliambiwa kwamba mfupa uko salama, misuli imevutika, nikapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua. Sina kinyongo na waliosoma ile picha, kwa sababu waliisoma sawasawa: hakukuwa na ufa unaoonekana. Kilichokosekana ni sentensi moja ya ziada, kwamba eksirei ya mapema haiwezi kuuondoa uwezekano wa ufa wa aina hii. Ufa wenyewe mara nyingi ni mwembamba kuliko uwezo wa picha. Kinachoonekana hatimaye ni mfupa mpya unaoota kuuzunguka, na huo huchukua wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi, kabla haujawa mzito wa kutosha kuacha kivuli kwenye picha. Kuna wagonjwa ambao picha zao hazionyeshi chochote hata baada ya hapo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari wapya waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembezwa mwendo mrefu, naye hakuwa na namna ya kuona ndani. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1897, Stechow, daktari mwingine wa jeshi, alionyesha kwa picha kwamba ile ilikuwa mifupa ya metatasali iliyopasuka. Kwa miaka arobaini na zaidi, basi, kidole cha daktari na maelezo ya askari ndivyo vilivyokuwa kipimo pekee, na hata leo, katika siku za mwanzo za ugonjwa, vinaishinda eksirei.

Mimi kidole hicho sikukipata kwanza hospitali. Shangazi yangu wa Kibosho, ambaye haamini kwamba kuna maumivu ya mguu yasiyochuliwa, alinipeleka kwa mzee mmoja wa Majengo anayechua wachezaji wa mpira na wapagazi wanaoshuka mlimani. Baada ya shikamoo na maelezo marefu ya shangazi, mzee aliushika unyayo wangu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya kila mfupa, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye kifundo kuelekea vidoleni. Alipofika katikati ya mfupa wa pili nilishtuka hadi nikauvuta mguu. Akarudia, akapata mahali palepale, padogo kama ncha ya kidole chake, huku kulia na kushoto pakiwa shwari.

“Mwanangu, hapa sikuchui,” alisema. “Msuli huuma eneo, mfupa huuma nukta. Nenda kwa daktari wa mifupa, na mafuta yako uende nayo.”

Shangazi alinuna njia nzima. Daktari bingwa, nilipompata wiki iliyofuata kwa barua ya rufaa, alifanya karibu kila kitu alichofanya yule mzee, kwa mpangilio uleule wa mfupa kwa mfupa, tofauti ni kwamba kabla hajanigusa aliuliza, “Mwalimu, mwezi wa tisa ulikuwa unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na sasa unakimbia ngapi? Unakimbilia wapi?” Nilimpa daftari langu la mazoezi, akalisoma kwa makini zaidi kuliko alivyoisoma ile picha. Alinizuia nisijaribu kurukaruka kwa mguu mmoja kumwonyesha maumivu, kwa kuwa nukta ikishapatikana kwa kidole, kuruka ni kuuongezea ufa nafasi. Hakuniagizia MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ingawa ndicho kipimo kinachoona mapema zaidi, maana huonyesha majimaji yanayokusanyika ndani ya mfupa kabla ya ufa wowote kuonekana. Alisema ni kipimo cha gharama, na kwamba kwa mfupa huu, mahali hapa, matibabu yangekuwa yaleyale hata kama MRI ingekuwa bure. Eksirei ya pili, niliyopigwa wiki chache baadaye, ilionyesha mfupa mpya umeota juu ya nukta ileile.

Maneno “kwa mfupa huu, mahali hapa” ndiyo ningependa msomaji ayashike, kwa kuwa nyufa za unyayo hazilingani, na ushauri wa mkimbiaji mmoja kwa mwingine huharibikia hapo. Katikati ya shina la metatasali ya pili, ya tatu au ya nne, damu hufika vizuri, na ufa kwa kawaida hupona bila upasuaji mtu akipunguza mzigo. Mwisho wa nyuma wa metatasali ya pili, kule unakobanwa, ni kaidi zaidi. Metatasali ya tano, ule mfupa wa ukingo wa nje, ina sehemu karibu na mwisho wake wa nyuma ambapo damu ni haba. Ufa wa hapo huweza kukataa kuunga kwa miezi, na mara kwa mara madaktari huweka skrubu, hasa kwa mwanamichezo. Mvunjiko wa sehemu hiyo uliandikwa kwanza na Robert Jones, daktari wa upasuaji wa Uingereza, mwaka 1902, baada ya kujivunja mwenyewe akicheza dansi, jambo linalotufariji sisi tulioumia kwa kujinyima usingizi.

Unaoogopwa zaidi ni mfupa wa navikula, ulio juu ya upinde wa unyayo, mbele kidogo ya kifundo. Maumivu yake hayana mwelekeo, hutambaa juu ya unyayo na kwenye upinde, hayavimbi sana, na eksirei huukosa mara nyingi. Sehemu yake ya katikati haipati damu ya kutosha, kwa hiyo matibabu ya kawaida ni kutoukanyaga kabisa kwa wiki sita hadi nane, kwa magongo na hogo, yaani plasta ngumu, au buti la tiba, na wengine huishia kwenye upasuaji. Kwa mgonjwa wa navikula, MRI, au CT inayopiga eksirei ya mfupa kipande kwa kipande, si anasa. Kisigino nacho kina ufa wake, ambao hutambulika kwa kukiminya kutoka pande zote mbili kwa viganja. Huo hupona vizuri. Viko pia vifupa viwili vidogo chini ya kidole gumba, ambavyo huchelewa kupona kupita udogo wao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba yeye alipumzika wiki nne tu akarudi barabarani, muulize kwanza ni mfupa gani.

Na ufa wa mfupa mpole nao haupaswi kuzoewa. Ukiendelea kukanyagwa, huweza kukatika kabisa, na mfupa uliokatika ukasogea ni habari nyingine. Deena Kastor wa Marekani, mshindi wa shaba ya marathoni katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, alilazimika kuacha mbio za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 baada ya kilomita 5 hivi kwa sababu mfupa wa unyayo ulivunjika njiani.

Sikufungwa hogo. Wanafunzi wangu walivunjika moyo, maana walikuwa wameshaandaa kalamu za kuandikia juu yake. Daktari alieleza kwamba kwa shina la metatasali ya pili, hogo huleta hasara ya misuli kunywea na kifundo kukakamaa bila faida ya kutosha. Kinachotakiwa ni unyayo usikunjike. Buti la tiba ndilo linalofanya kazi hiyo vizuri, lakini bei yake ilinishinda. Hapo ndipo kuishi chini ya Mlima Kilimanjaro kulipoleta nafuu. Katika mitumba ya soko la Memorial hukosi viatu vya kupandia mlima, vyenye soli nene isiyopinda, vilivyoachwa na wageni au kuuzwa na waongozaji. Nilichagua jozi ambayo nilishindwa kuikunja kwa mikono miwili, nikampelekea daktari aikague, akaikunja naye akashindwa, akaikubali. Nilivaa hivyo shuleni, kanisani na sokoni, pamoja na magongo katika siku za mwanzo ambazo kukanyaga kulikuwa kunauma. Kanuni yake ilikuwa rahisi: kutembea kunakouma ni kutembea kulikozidi. Niliacha kwenda shule kwa miguu, nikawa mteja wa bajaji.

Diklofenaki daktari aliniachisha siku ileile aliyonipima. Kwamba dawa za kundi hilo huchelewesha kuunga kwa mifupa ni suala ambalo watafiti bado wanabishana kuhusu ukubwa wake, lakini madaktari wengi huona hakuna haja ya kujaribu wakati parasetamoli ipo. Kwa mkimbiaji kuna hatari nyingine iliyo wazi zaidi, kwamba dawa inayozima maumivu huzima pia kipimo chake pekee cha kujua amezidisha. Sigara huchelewesha kupona kwa mfupa, na hilo halina ubishi.

Kuhusu chakula, ukoo mzima ulijitokeza. Shangazi, akiwa amemsamehe mzee wa Majengo, aliamini kwamba mguu hujengwa kwa mguu, kwa hiyo kila Jumapili ililetwa supu ya kongoro, na katikati ya wiki mtori, ambao kwa kawaida hupikiwa mama aliyejifungua. Nilivinywa vyote kwa shukrani. Lakini mtaalamu wa lishe aliniambia bila kuzunguka kwamba madini ya kalisi yanayotoka mfupani na kuingia kwenye supu ni kidogo mno; utelezi mzito wa kongoro ni protini, si kalisi. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalisi kwa siku, na kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi hutoa karibu 300. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wanaishinda supu kwa mbali, tena kwa bei ya chini. Mchicha una kalisi, ila una pia kemikali inayoishika isifyonzwe yote. Vitamini D huundwa ngozini kwa jua, na jua la Moshi lipo la kutosha, isipokuwa kwa mtu anayekimbia kabla halijachomoza, akashinda ofisini na kurudi limeshazama, ambao ndio utaratibu wa nusu ya kikundi chetu.

Muhimu kuliko aina ya chakula ni wingi wake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, yaani hali ya mtu kula kidogo kuliko anachotumia mpaka mwili ukaanza kubana matumizi, na mifupa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubanwa. Awali jambo hili lilizungumzwa kwa wanawake peke yao. Tamko lile liliwaingiza wanaume pia. Kwa mwanamke, dalili yake ipo wazi: hedhi inayopotea kwa miezi wakati wa mazoezi makali si ishara ya kuwa fiti, ni sababu ya kumwona daktari kabla mfupa haujapasuka. Dada wawili wa kikundi chetu walikuwa wakijivunia jambo hilo, na sitaacha kulisema hadi walichoke. Aliyepata ufa wa pili au wa tatu, awe mwanamume au mwanamke, achunguzwe upande huu badala ya kuendelea kubadilisha viatu.

Katika wiki za kusubiri, pumzi inaweza kulindwa kwa njia nyingine. Baada ya siku za mwanzo niliruhusiwa kuogelea, na kukimbia ndani ya maji ya kina bila miguu kugusa chini, zoezi linalochosha mapafu kwelikweli na kumfanya mtu aonekane wa ajabu mbele ya watoto wanaojifunza kuogelea. Baiskeli ya mazoezi ilikuja baadaye, kanyagio likiwa chini ya kisigino. Siku ya mbio za Februari nilikuwa kwenye meza ya maji.

Kurudi barabarani ndiko kunakohitaji uvumilivu kuliko kulala. Maumivu ya kutembea yalikwisha mapema, na hapo ndipo wengi huvaa viatu. Lakini maumivu kwisha kunaonyesha kwamba mfupa mpya umeufunika ufa, wala hakuonyeshi kwamba umekomaa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniwekea milango, na tarehe haikuwa mmojawapo. Kwanza, kidole kikibonyeza ile nukta kwa nguvu pasiume kabisa. Pili, kutembea kwa kasi nusu saa na zaidi, kwa viatu vya kawaida, siku kadhaa mfululizo, pasipo maumivu wakati ule wala asubuhi inayofuata. Tatu, kuinuka juu ya vidole vya mguu mmoja mara nyingi kama mguu mzima unavyoweza, kwa maana misuli ya shavu la mguu na ya unyayo ndiyo inayoupunguzia mfupa mzigo, nayo ilikuwa imenywea vibaya; nilikusanya taulo sakafuni kwa vidole vya mguu kila usiku hadi watu wa nyumbani wakaacha kucheka. Mwishoni kabisa, kurukaruka kwa mguu mmoja. Kwa ufa kama wangu, safari hiyo yote kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane, na yangu ilikwenda zaidi kidogo.

Kisha dakika moja ya kukimbia na nne za kutembea, kwenye nyasi za kiwanja cha shule, siku moja nakimbia na siku inayofuata napumzika. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaobeba, na mtaalamu wangu alikuwa muumini wake: mfupa usiorudishiwa kazi haukomai. Ila kazi hiyo ina kipimo. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba seli za mfupa huacha kuitikia baada ya makumi machache tu ya mizigo mfululizo, na zinahitaji saa kadhaa kuamka tena. Kwa hiyo mazoezi mafupi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, yanaweza kuujenga mfupa vizuri kuliko moja refu, na yananifaa mimi ambaye kengele ya shule hainisubiri. Tuliongeza dakika kwanza, halafu siku, halafu kasi, na mteremko tukauacha mwisho. Uchovu wa misuli ya shavu la mguu niliruhusiwa kuuvumilia. Maumivu ya nukta, hata madogo, yalinirudisha hatua moja nyuma bila mjadala, na yalinirudisha zaidi ya mara moja.

Viatu vilikuja baadaye kuliko watu wanavyodhani. Moshi ina bahati katika hili, kwa kuwa chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa, kilianzishwa mwaka 1981 palepale hospitali ya KCMC, na fundi aliyesoma mambo hayo si nadra hapa kama ilivyo katika miji mingine. Nilitengenezewa soli ya ndani yenye mwinuko mdogo nyuma ya vichwa vya metatasali, yaani miisho yake ya mbele, ili kugawanya mzigo. Naivaa, inanifaa, lakini si kila unyayo unaihitaji, na mwenye kuiona kama ruhusa ya kurudia kilomita zilezile za lami atakuwa amelipia kitu kizuri kwa sababu mbaya.

Aliyewahi kupata ufa mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwingine, kwa hiyo vuli ijayo tumekubaliana kikundini kwamba mvua ikifunga njia za Rau, siku moja ya wiki itahamia bwawani au kwenye baiskeli badala ya zote kuhamia lami, na Mweka tutapanda kwa miguu yetu na kushuka kwa daladala. Wapo waliolalamika kwamba kushuka kwa gari si mazoezi. Nauli yao tumeshaiweka kwenye mchango wa kila mwezi.